Begi Hupangwa kwa Kuangalia Njia, Si kwa Kuangalia Kabati

Kila shule zinapofungwa, na kila msimu wa Umra unapokaribia, meza yangu hujaa watu. Kazi yangu hapa Mombasa ni kukata tiketi na kupangia watu safari, na kwa miaka mingi nimewaona wasafiri wa kila aina: bibi harusi anayepelekwa Lamu, mzee anayekwenda Makka kwa mara ya kwanza, kijana aliyepata kazi Qatar, mgonjwa anayepelekwa India. Wote huniuliza swali moja: "Naruhusiwa kilo ngapi?" Ni swali zuri, lakini halifai kuwa la kwanza. La kwanza ni hili: begi lako litapita njia gani, na litapita mikononi mwa nani?

Wazee wetu walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Ukishatoka mtaani kwako huna kabati, huna jirani wa kukuazima, huna duka la kukopa. Kilichomo begini ndio utajiri wako wote kwa siku hizo. Ndiyo maana nashangaa watu wanaposimama mbele ya kabati, wakatoa kila wanachokipenda, kisha wakalikalia sanduku mpaka lifungike. Kabati halijui unakokwenda.

Leo nataka tupitie safari tunazosafiri sisi watu wa Pwani, moja baada ya nyingine, tuone kila moja inataka nini. Mwishoni nitazungumzia mzigo mmoja ambao haumo katika orodha ya mtu yeyote, nao ndio uliowaangamiza wengi.

Maswali matatu kabla ya kufungua kabati

Safari yoyote ile, jiulize kwanza mambo matatu.

La kwanza: begi litabebwa na nini? Buti la basi, boti, punda, ndege kubwa au ndege ndogo? Sanduku la magurudumu ni raha katika uwanja wa ndege, lakini ni adhabu katika vichochoro vya Lamu.

La pili: nani atalikagua? Kila mkaguzi ana anachokitafuta. Wa Miritini si wa Horohoro, na wa Horohoro si wa Jeddah.

La tatu: nikilipoteza begi hili leo, kesho nitaishi vipi? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha vitu vya kutia katika mkoba mdogo usioachana na mwili wako: kitambulisho au pasipoti, pesa, simu na chaja, dawa unazotumia kila siku, na nguo moja ya kubadilisha. Vitu hivi haviingii kwenye buti wala tumboni mwa ndege, hata konda akikuapia.

Kwenda bara: basi na treni

Kosa kubwa la mtu wa Pwani anayekwenda Nairobi ni kupanga nguo za jua la Mombasa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mwezi wa Juni hadi Agosti huwa na baridi ya kweli, hasa alfajiri, wakati ambapo basi la usiku linawashusha abiria. Sweta na soksi zikae juu ya begi la mkononi, si chini ya sanduku lililo ndani ya buti. Kinamama wanajua dawa ya siku zote: doti ya leso. Leso ni shuka, ni shali, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni mbeleko ya mtoto. Sijaona kitu chepesi chenye kazi nyingi kama hicho.

Mzigo wa buti utie alama inayoonekana: kitambaa cha rangi au kamba, pamoja na jina na nambari ya simu. Mabegi meusi yanafanana, na saa kumi na moja alfajiri macho ya mtu hayajafunguka sawasawa. Basi likisimama Mtito Andei, ushuke na mkoba wako. Na chakula chako kiwe cha nyumbani. Biskuti au soda ya mtu usiyemjua iache, hata kama ana tabasamu zuri.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina utaratibu wake. Kabla ya kuingia ndani ya kituo, abiria huweka mabegi yao chini kwa mstari, wakarudi nyuma, mbwa wa polisi wakapita kunusa. Wengi wetu huona tabu mbwa akigusa begi lenye nguo za kuswalia. Kanzu, buibui na mswala vitie katikati kabisa, vikiwa vimefungwa ndani ya kitambaa, na utumie begi linalooshika. Visu na kila chenye makali kiache nyumbani. Mbuzi ya kukunia nazi unayompelekea dada yako Eastleigh ina meno ya chuma. Uliza kabla hujaibeba. Kisha fika mapema, maana ukaguzi una foleni na treni haimngoji mtu. Jina la kwenye tiketi lilingane na la kitambulisho.

Kwenda Lamu na visiwani: mzigo unaovuka maji

Anayekwenda Lamu kwa gari anapitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, halafu anavuka kwa boti. Njiani kuna vizuizi vya usalama ambapo abiria huonyesha vitambulisho, kwa hiyo kitambulisho kikae mfukoni, si ndani ya sanduku lililofungwa juu ya gari. Mtoto aliyekaribia utu uzima na bado hajapata kitambulisho abebe cheti cha kuzaliwa au barua ya shule.

Ukifika Mokowe, begi lako linakutana na bahari. Miezi ya kusi, kuanzia Aprili hivi, upepo huwa mkali na maji hurukia ndani ya boti. Nawashauri watu watie nguo na karatasi muhimu ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana, au katika mfuko wa mpira usiopitisha maji. Ndoo haina haya: unafika nayo, kisha unaitumia hukohuko. Anayeendelea kisiwa cha Pate ajue kwamba boti hungoja maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda. Safari unayodhani ni ya saa mbili inaweza kukushika gatini nusu siku. Maji ya kunywa, chakula na kofia viwe karibu, na jaketi la kuokolea ulivae mwilini. Jaketi lililowekwa chini ya mzigo halimwokoi mtu.

Mji wa Lamu hauna barabara za magari. Mzigo hubebwa na punda, mkokoteni au bega la hamali. Mabegi mawili madogo ya kitambaa ni bora kuliko sanduku moja kubwa. Na kama unapanda ndege ndogo mpaka Manda, soma tiketi yako vizuri, kwani baadhi ya ndege hizo huruhusu kilo 15 tu, na hupendelea begi laini linalokunjika. Masanduku ya bibi harusi yatangulie kwa gari na boti siku mbili kabla. Yeye apande na mkoba wake.

Kwenda Tanga, Pemba na Unguja

Watu wa Mombasa na Kwale huiona Tanga kama mtaa wa pili, na kwa udugu ni kweli. Lakini pale Horohoro ni mpaka. Kitambulisho cha Kenya kinakuvusha kwenda Uganda na Rwanda. Kwenda Tanzania beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Beba pia kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo huhesabiwa ya maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani usiitupe, hata kama imeandikwa kuwa ni ya miaka 10.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwetu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Bado naona watu wakifunga viatu na zawadi kwa mifuko waliyoificha chini ya kitanda miaka yote hiyo. Tumia kikapu cha ukili. Ni kizuri, ni chetu, na hakuna askari atakayekiuliza.

Safari ya msiba

Hii ndiyo safari tunayoisahau kupanga, kwa sababu hakuna anayeitaka. Kwa Waislamu maziko huwa siku ileile. Simu inaingia baada ya swala ya alfajiri, na maziko ni baada ya adhuhuri, Malindi. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kupanga begi. Atabeba viatu viwili vya mguu mmoja na kusahau dawa ya presha.

Ushauri wangu ni kila nyumba iwe na begi dogo lililo tayari nyuma ya mlango: kanzu na kofia, au buibui na leso, nguo za ndani, mswaki, dawa za siku tatu za mwenye maradhi, chaja, na pesa kidogo taslimu. Kila baada ya miezi mitatu libadilishe dawa zisije zikaisha muda. Begi hilo litakufaa pia usiku wa kukimbizana na mgonjwa hospitali.

Umra na Hija

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wasafiri wengi wa safari hii ni wazee, na makosa yake yanaumiza.

Kosa la kwanza ni la ihramu. Mwanamume anayekwenda moja kwa moja Jeddah kwa nia ya Umra hupita miqati akiwa angani. Akiwa ametia zile shuka mbili nyeupe kwenye sanduku lililo tumboni mwa ndege, atafanya nini rubani akitangaza kwamba miqati inakaribia? Ihramu ivaliwe kabla ya kupanda au ikae kwenye begi la mkononi, pamoja na mkanda wake. Wanaoanzia Madina hali yao ni nyingine: wao huhirimia wanapotoka Madina kwenda Makka, kwa hiyo shuka zinaweza kukaa sandukuni. Muulize kiongozi wa kundi lenu mnaanzia wapi kabla hamjafunga mizigo.

Kwa sababu aliyehirimia hatumii manukato, beba sabuni na mafuta yasiyo na harufu. Makasi madogo ya kupunguzia nywele yatie kwenye sanduku kubwa, maana mkononi yatachukuliwa. Beba mfuko wa kitambaa wa kutilia ndara zako unapoingia msikitini, na ndara ziwe ulizokwisha kuzizoea. Viatu vipya na mizunguko saba ya tawafu havipatani.

La pili ni jua. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo vya watu 1,301, wengi wao wakiwa watu waliokwenda bila kibali na hivyo kukosa mahema na mabasi yenye ubaridi. Sisi tuliozaliwa kwenye joto hudhani jua tunalijua. Jua la Pwani lina unyevu na upepo wa bahari. La kule ni kavu, linakukausha kabla hujahisi kiu. Mwavuli mweupe, chupa ya maji na pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini ni lazima.

La tatu ni karatasi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo huchomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika, na kadi yake husafiri na pasipoti. Kila mzee aandikiwe kikaratasi chenye jina la hoteli, jina la kiongozi na nambari ya simu, kikae mfukoni mwake wakati wote. Simu huzima, kikaratasi hakizimi.

Wakati wa kurudi usitie maji ya Zamzam ndani ya sanduku. Huuzwa yakiwa yamefungwa kwenye boksi la lita 5, nalo hupokewa peke yake kwa utaratibu wa shirika la ndege. Acha pia nafasi ya tende na miswala tangu siku ya kuondoka. Ukienda na sanduku lililojaa, utarudi na deni la kilo.

Mgonjwa anayesafirishwa

Begi muhimu la mgonjwa ni faili lake. Barua ya daktari, majibu ya vipimo, picha za eksirei, orodha ya dawa na vipimo vya kila dawa, na kadi za bima au nambari ya SHA. Faili hilo lishikwe na mtu mmoja tu, naye asilale nalo mbali. Nimewahi kuona familia ikirudia vipimo vya gharama kubwa kwa sababu karatasi zilibaki juu ya friji Kisauni.

Dawa zibaki ndani ya boksi zake zenye jina, pamoja na cheti cha daktari. Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, kwani inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Dawa ya maji inayozidi mililita 100 huruhusiwa mkononi ukiwa na barua, lakini itoe na uionyeshe mwenyewe kabla ya kuulizwa. Mgonjwa avae nguo pana isiyo na vifungo vingi. Na anayemsindikiza asijisahau: naye ana mwili, atahitaji sweta, chakula na dawa zake.

Ndege kwa ufupi

Mkononi, maji, mafuta na krimu ni chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha wa lita 1. Achari inahesabiwa pamoja na maji, na asali pia. Pawabenki na betri za akiba hukaa mkononi, haziingii kwenye mzigo mkubwa, kwa kuwa huweza kushika moto. Anayempelekea mtu wa London zawadi apeleke mabuyu, halua, viungo na kashata. Nyama na vyakula vya maziwa kutoka kwetu havikubaliwi Uingereza wala nchi za Umoja wa Ulaya. Achari ifungwe vizuri, ikae mbali na nguo za harusi. Pima mzigo nyumbani kwa mizani ndogo ya kuning'iniza. Kufungua sanduku sakafuni mbele ya foleni nzima ni fedheha isiyo na sababu.

Kazi ya Ghuba

Vijana wetu wengi wanakwenda Saudia, Qatar, Falme za Kiarabu na Oman. Hawa huulizia nguo na vyombo vya kupikia. Mimi huwauliza: nakala zako ziko wapi?

Sheria za Saudia na za majirani zake kadhaa hazimruhusu mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, lakini jambo hilo hutokea sana. Kwa hiyo toa nakala tatu za pasipoti, viza na mkataba. Moja begini, moja umwachie mama au ndugu unayemwamini, ya tatu iwe picha katika simu ya mtu mwingine, si yako peke yako. Andika nambari ya ubalozi wa Kenya wa nchi unayokwenda kwenye kitambaa au ndani ya kurasa za Kurani au Biblia yako. Na nambari moja ya nyumbani ihifadhi kichwani. Simu inaweza kuchukuliwa. Kilicho kichwani hakichukuliwi.

Sasa, vya kuacha. Miraa, hata kijiti kimoja kilichosahaulika mfukoni, ni dawa ya kulevya katika nchi hizo. Tramadol na dawa za kikohozi zenye kodeini, ambazo wengine hapa huzinunua kwa urahisi, kule ni za kibali maalumu. Mwaka 2017 mwanamke Mwingereza alihukumiwa kifungo cha miaka 3 nchini Misri kwa kuingia na vidonge vya tramadol. Nchi hizi hazimuulizi mtu kama alijua.

Na kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulisema. Bibi anampenda mjukuu wake, anamshonea hirizi ndani ya begi. Saudia uchawi ni kosa la jinai, na hirizi huweza kuchukuliwa kuwa ushahidi. Dawa za mitishamba za unga usio na jina nazo, mkaguzi hawezi kuzitofautisha na unga mwingine. Bibi na amwombee mjukuu dua. Dua haipimwi kwenye mizani wala haipiti kwenye mashine.

Mzigo usio wako

Nimefika kwenye lile nililoahidi mwanzo. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kuheshimu amana. Mtu akisafiri, mtaa wote huleta: halua ya shangazi, viatu vya mtoto, bahasha ya fulani. Kukataa huonekana kiburi. Na mimi siwaambii muache wema huo. Nawaambia wema huo sasa una wawindaji.

Machi 2025, mahakama nchini Vietnam ilimhukumu kifo mwanamke Mkenya aliyekamatwa Julai 2023 katika uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh City, akiwa na zaidi ya kilo 2 za kokeini ndani ya begi. Alieleza kwamba alikabidhiwa begi hilo apeleke Laos na hakujua kilichomo. Maelezo hayo hayakumwokoa. Kwa sheria, begi lililo mikononi mwako ni lako.

Wazee walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Basi ninawapa masharti manne, na ninawaomba mwalaumu masharti hayo mkikataa, si mwenye kuwaomba.

Kwanza, mzigo wa mtu ufunguliwe mbele yako, uushike kila kitu kilichomo, kisha uupange mwenyewe. Halua ikatwe, sabuni itazamwe, viatu vikunjwe soli. Mwenye nia safi hatachukia.

Pili, usipokee kitu siku ya safari, wala uwanjani. Anayekuja mbio mlangoni na kifurushi kilichokwisha kufungwa amechagua saa hiyo kwa sababu.

Tatu, tiketi ya bure haipo. Mtu akikulipia ndege, hoteli na posho ili upeleke begi au ulete begi, wewe si msafiri, ni punda wake.

Nne, piga picha sanduku lako likiwa wazi na likiwa limefungwa, na likiwa juu ya mizani ya uwanja wa ndege kilo zikionekana. Hifadhi kile kijikaratasi cha nambari ya mzigo mpaka ufike nyumbani. Machi 2023 wanawake wawili wa Brazil walikamatwa Frankfurt kwa kokeini iliyokutwa katika masanduku yenye majina yao. Walikaa jela zaidi ya mwezi. Kilichowatoa ni picha za kamera zilizoonyesha wafanyakazi wa uwanja walikotoka wakibadilisha vijikaratasi vya mizigo. Masanduku yale hayakuwa hata rangi ya masanduku yao. Picha katika simu yako inaweza kuwa wakili wako wa kwanza.

Kuna wanaonijibu: "Lakini ni shangazi yangu, nitamkaguaje?" Shangazi mwenyewe huenda kapewa na mtu mwingine, naye kapewa na mwingine. Hukagui shangazi, unakagua njia ambayo kifurushi kimepitia kabla ya kumfikia. Mwambie kwa adabu: "Shikamoo shangazi, niwie radhi, siku hizi viwanja vimekuwa vikali, tufungue pamoja." Ukishindwa kuyasema maneno hayo kwa shangazi yako sebuleni Mombasa, utalazimika kujieleza kwa askari asiyejua Kiswahili.

Tahadhari kabla ya hatari, ndugu zangu. Panga begi siku mbili mapema, ulale, kesho yake ulifungue tena upunguze robo. Vyako vya lazima viwe mwilini, vya njia viwe juu, vya kufikia viwe chini, na kisicho chako ukijue mpaka mshono wake. Mwenyezi Mungu awafikishe salama mnakokwenda, na awarudishe salama kwa waliobaki wakiwangoja.